Pawa Saplai Ikifa, Usikimbilie Kununua

Stima ikipotea hapa Mbololo, karibu na Voi, kompyuta ya mezani huzima tu. Hatari iko inaporudi. Friji, pampu na mashine za kusaga huwaka kwa mpigo, volti 240 tulizozoea hushuka na kupanda ovyo, na wa kwanza kupokea kipigo hicho ni pawa saplai, lile kasha la chuma lenye feni ndogo nyuma ya kompyuta. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa ukutani uwe volti 12, 5 na 3.3 zinazoweza kutumiwa na madabodi na diski.

Adui wa pili huja polepole. Vumbi jekundu la nyanda za Voi huziba feni, joto hupanda, na majimaji yaliyo ndani ya kapasita hukauka. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita kwa nusu. Ndiyo maana mashine iliyofunikwa kitambaa kizito shuleni au saiba hufa mapema.

Sasa mashine haiwaki. Kabla ya kupanda matatu kwenda Voi, jaribu waya mwingine na soketi nyingine, kisha utazame nyuma ya kasha. Zipo pawa saplai zenye swichi nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Hapa Kenya lazima iwe kwenye 230, maana ikiachwa kwenye 115 italipuka mara tu ukiwasha. Kama feni inashtuka na kusimama, usiihukumu pawa saplai haraka. Chomoa diski na kadi za ziada kwanza, kwani kifaa kimoja chenye shoti kinaweza kuifanya ijizime yenyewe.

Kwa zile za kawaida, za mfumo wa ATX ulioletwa na Intel mwaka 1995, fundi huitenga pawa saplai na madabodi, akaunganisha kwa kipande cha waya tundu la waya wa kijani na la waya mweusi, kisha akaiwasha. Feni kuzunguka hakutoshi. Ni lazima apime kwa mita. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Fundi asiye na mita anabahatisha kwa pesa zako.

Jambo moja nalisisitiza: usilifungue kasha lenyewe. Kapasita zake kubwa huweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na hizo zinatosha kuua mtu.

Ikithibitika imekufa, ichukue uende nayo dukani. Kompyuta nyingi za mitumba zinazotoka Ulaya hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020, kwa mfano, zina plagi ya pini 8, na kasha la zile nyembamba lina umbo lake. Pawa saplai ya kawaida haiingii humo, hata iwe nzuri kiasi gani.

Halafu soma kibandiko, lakini si ile namba kubwa. Tafuta ampea za volti 12, uzizidishe kwa 12. Kasha lililoandikwa wati 500 lakini lenye ampea 18 kwenye njia hiyo linatoa wati 216 tu pale panapohitajika zaidi, yaani kwenye prosesa na kadi ya picha. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya picha mara nyingi haifikishi wati 100, kwa hiyo wati 300 za kweli zinaitosha kabisa. Nembo ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, inaonyesha kwamba umeme kidogo tu hupotea kama joto, na kwenye joto la Voi hilo lina thamani. Kati ya mpya ya bei ya kutupa na ya mitumba ya kampuni iliyotengeneza mashine yako, ikiwa imepimwa, mimi ningechukua ya mitumba. Ile ya bei ya kutupa aghalabu haina kinga ya ndani, na ikifa huweza kufa pamoja na madabodi na diski yenye kazi zako.

Ukishaifunga, nunua kifaa cha kukinga umeme kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu stima iliyorudi ipite. Na mawingu yakianza kunguruma juu ya milima ya Taita, chomoa waya ukutani.