Kuosha Mabati Yaliyozeeka: Mashine au Brashi?



Ndugu wasomaji, kila Idi inapokaribia watu wetu wa Tanga husafisha nyumba. Siku hizi wako wanaokodi mashine za kuoshea magari wakazielekeza juu ya paa na kwenye kuta za bati, ili kazi iishe kabla ya adhuhuri. Usafi ni jambo tukufu katika dini yetu, lakini ukifanywa bila elimu huweza kuharibu mali, na pengine kudhuru uhai.

Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Ikiguswa na hewa hujifunika ngozi nyembamba sana inayoilinda. Chumvi ya bahari inayopeperushwa na upepo mpaka majumbani, kama kule Raskazone au Pangani mjini, huichimba ngozi hiyo, bati likatoa madoa meupe na vishimo. Palipopigwa msumari wa chuma huwa pabaya zaidi, kwani metali mbili tofauti zikikutana katika maji ya chumvi, moja huila nyingine, na hapo inayoliwa ni alumini.

Bati lenye rangi lina jambo lake. Jua la miaka mingi huigeuza rangi ya juu kuwa unga. Pitisha kitambaa cheusi juu yake. Kikitoka na unga, usidhani yote ni vumbi. Mwingi ni rangi yenyewe. Basi mashine inayosukuma maji kwa nguvu iliyozidi ya bomba mara 30 au zaidi itaibandua vipande vipande. Tena maji yakipigwa kutoka chini kwenda juu huingia kwenye maungio ya mabati, yakalowesha mbao za kenchi na dari.

Njia salama ni ya kizamani: brashi laini, maji, na sabuni kidogo isiyo kali. Paka sabuni ukianzia chini ukipanda, ili isiache michirizi, kisha suuza kutoka juu. Majivu, magadi na kostiki soda visiguse alumini. Akina mama wanalijua hili: sufuria ya alumini iliyopikiwa magadi hugeuka nyeusi.

Sasa hatari kubwa. Baadhi ya majengo ya zamani hayakuezekwa bati hata kidogo, bali asbesto, yaani saruji iliyochanganywa na nyuzi laini za jiwe. Ni ya kijivu, nzito, na ukiigonga hailii kama bati. Hii isipigwe maji ya mashine kabisa, wala isisuguliwe, wala kuvunjwa. Maji ya nguvu huilegeza saruji na kutawanya nyuzi uani, kwenye kuta na kwa jirani. Zikishakauka, upepo huzipeperusha na watu huzivuta. Nyuzi hizo husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, nayo huchukua miaka 20, 30 au zaidi kujitokeza. Mtoto anayecheza chini ya paa leo ndiye atakayeugua akiwa mtu mzima. Mwenye shaka na paa lake asimpandishe kijana yeyote. Amwone kwanza afisa mazingira wa halmashauri.

Imebaki habari ya maji. Mashine ndogo hutumia takriban lita 6 hadi 8 kwa dakika. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano.

Wengi wetu hukinga maji ya mvua kwa ajili ya udhu. Kabla ya kuosha paa, ondoeni bomba linaloingia tangini, na mvua ya kwanza baada ya hapo imwagwe. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita moja ya mvua hutoa lita 60, yaani ndoo kubwa tatu. Hizo zende zake. Maji ya mvua ni tahiri yenye kutahirisha, kama ilivyotajwa katika Suratul Furqan, aya ya 48. Yakibadilika kidogo kwa udongo au ukoga wa paa hayaharibiki kwa udhu. Ama yakichanganyika na sabuni mpaka yakatoka katika jina la maji, kwa madhehebu ya Imam Shafi hayafai tena kutawadhia, ijapokuwa si najisi, na mtaweza kuyatumia kufulia. Wallahu aalam.