Je, Wajua? Anayefungua Bao Hali Kete

Ukikaa barazani Mikindani kutazama bao la Kiswahili likianza, angalia jambo hili: anayetangulia hawezi kula. Sababu iko katika kupanga kete. Kila mmoja huweka kete sita katika nyumba, yaani lile shimo la mraba, kisha mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani kwake. Kwa kuwa wamekaa wakitazamana, kete za huyu zinaelekea mashimo matupu ya yule. Bila kete upande wa pili hakuna kula, basi anayefungua hutakasa tu, yaani hugawa kete bila kula.

Na kutakasa kwenyewe kuna njia nne. Nyumba haiguswi, hutia kete katika moja ya yale mashimo mawili, kisha hugawa kushoto au kulia. Akienda kulia, mwenzake naye hana cha kula, atatakasa vilevile. Akienda kushoto, kete moja inatua mbele ya nyumba ya mpinzani, na zamu ni ya mpinzani: anaweza kuila papo hapo. Katika sataranji mchezaji wa kwanza ana hatua 20 za kuchagua. Lakini njia nne za bao zisikudanganye, maana kila mchezaji bado ana kete 22 mkononi za kunamua, yaani za kutia ubaoni moja kila zamu, na zikiisha tu ndipo mtaji, hatua ya pili ya mchezo, unaanza. Mimi naona uzuri wote wa bao umo hapo, katika kulinda nyumba huku ukijua siku yake ya kusafiri, yaani kete zake kugawanywa, itafika.

Mwaka 1995 mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt alitoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden juu ya umahiri wa mafundi wa bao wa Zanzibar. Mwalimu Nyerere naye alilipenda bao. Anayejifunza huanzia bao la kujifunza, ambamo kete zote 64 zimekwisha kupangwa, mbili kila shimo.

Kete zenyewe ni komwe, mbegu za mkomwe, kichaka chenye miiba kinachoota karibu na fukwe. Komwe huelea baharini bila kuoza, na mbegu za aina hii zimeokotwa hadi pwani za Scotland. Ganda lake ni gumu mno. Anayetaka kuipanda huikwaruza kwanza ili maji yapenye, ndipo ichipue.