Ripoti ya Mwanafunzi Inavyoamua Uimara wa Barabara

Na Mwandishi Wetu

Mwanafunzi wa uhandisi ujenzi katika vyuo vikuu nchini hahitimu kwa kufaulu mitihani pekee. Mwaka wa mwisho hufanya mradi, huuandikia ripoti na kuitetea mbele ya jopo la wahadhiri. Miongoni mwa mada zinazochaguliwa ni malighafi endelevu za barabara: changarawe ya eneo husika, udongo uliochanganywa na chokaa, lami kuukuu inayotumiwa upya, hata taka za plastiki.

Suala hili linamgusa mwananchi moja kwa moja. Saruji hutengenezwa katika tanuri lenye joto la takribani nyuzi 1,450 za Selsiasi, na changarawe inayosombwa kutoka mbali hupandisha gharama za ujenzi. Udongo ulio jirani ukifaa, fedha zinaokolewa na mazingira yanapumua. Lakini anayeamua kama unafaa ni mhandisi, naye huamua kwa kusoma ripoti.

Tuseme mwanafunzi ameandika: "Changarawe hii ni imara na inafaa." Sentensi hiyo haina msaada kwa yeyote. Uwezo wa udongo kubeba mzigo hupimwa kwa kipimo cha CBR, na mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 hupanga changarawe kwa madaraja kama G15, G25, G45 na G80, namba ikiwa kiwango cha chini cha CBR kwa asilimia. Changarawe inaweza kutoa asilimia 52 ikipimwa kavu, kisha ikashuka hadi 19 baada ya kulowekwa siku 4. Mwandishi asipotaja kulowekwa, msomaji ataichukulia kuwa G45, ilhali ni G15, na barabara itaondoka na masika ya kwanza. Ndiyo maana ripoti nzuri hueleza sampuli ilichukuliwa wapi, kwa kina gani, ilishindiliwa vipi na ililowekwa muda gani, kabla ya kutoa maoni yoyote.

Ripoti hiyo haina budi kutaja pia mipaka ya malighafi. Nchini India, vipande vya plastiki huchanganywa na kokoto za moto kabla ya kutiwa lami, lakini plastiki aina ya PVC hairuhusiwi kwa kuwa ikipata joto hutoa gesi zenye sumu. Mwanafunzi anayesifia plastiki bila kugusia jambo hilo ameandika tangazo la biashara.

Uwasilishaji una ugumu wake. Masomo hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mkutano wa kijiji huendeshwa kwa Kiswahili. Jedwali linalowaridhisha wahadhiri haliwasaidii wanakijiji; kwao yatosha kutumbukiza madonge mawili ya udongo katika ndoo za maji, moja lenye chokaa na jingine lisilo nayo, wakajionea lipi linasambaratika. Mwanafunzi ajizoeze mapema maneno kama kushindilia, tabaka la msingi na mtaro, na aache kusoma maandishi yaliyo ukutani neno kwa neno, kwani hadhira nayo inajua kusoma.

Kazi ya kuandika haiishii chuoni. Mhitimu anayejiunga na mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka 3 unaosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi hutakiwa kuwasilisha ripoti za kazi zake kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu.