Alzheimer ya kurithi: anza na daftari kabla ya damu

Katika milima ya Antioquia, nchini Colombia, zipo familia zilizoujua ugonjwa huu kabla haujapewa jina la kitabibu. Mtu wa miaka 45, mwenye shamba na watoto ambao bado wanasoma, anaanza kurudia swali lilelile asubuhi nzima. Haipiti miaka mingi, njia ya kurudi nyumbani inampotea. Wenyeji waliuita “la bobera”, yaani uzuzu. Wako waliosema ni laana ya padri, na wako waliosema ni mti ambao ukiugusa, umekwisha.

Daktari Francisco Lopera wa Medellín, bingwa wa magonjwa ya ubongo aliyefariki mwaka 2024, alianza kuzifuatilia familia hizo miaka ya 1980. Alichora nasaba zao: nani kamzaa nani, nani aliugua, akiwa na umri gani. Miaka ya 1990 chanzo kikajulikana. Ni hitilafu moja katika jeni ya presenilini 1, kwenye kromosomu ya 14. Kazi ya jeni hiyo ni kusaidia kukata protini fulani ya ubongo. Ikiharibika, ukataji unakwenda kombo na vipande vinavyonata, viitwavyo amiloidi, hurundikana miaka mingi kabla mtu hajasahau chochote.

Mzazi mwenye hitilafu hiyo akizaa, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Asiyeirithi hawezi kuwapa wanawe.

Jeni zinazosababisha Alzheimer kwa namna hii ni tatu: presenilini 1, presenilini 2 na APP. Wagonjwa wa aina hii hawafiki hata mmoja katika kila mia, na wengi wao huugua kabla ya miaka 65.

Jeni ya APOE ni habari nyingine. Aina yake iitwayo e4 huongeza uwezekano wa kuugua uzeeni, na aliyeirithi kwa baba na kwa mama huongezewa zaidi. Hata hivyo, wapo wenye e4 wanaozeeka na akili zao timamu, na wapo wagonjwa wasio nayo kabisa. Watafiti waliowalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis waliona kwamba kwa Wayoruba nguvu ya e4 ni hafifu. Kwa hiyo makadirio yaliyotokana na Wazungu tusiyabebe yalivyo.

Tukija kwenye kipimo, kinatakiwa kianze na aliyeugua. Hitilafu ikionekana kwake, ndugu mzima akipimwa atapata jibu la uhakika. Isipoonekana kwa mgonjwa, kumpima mzima hakuondoi wasiwasi wowote. Watoto wadogo hawapimwi, na mtu mzima halazimishwi. Ushauri nasaha hutolewa kabla na baada ya majibu, kwa kuwa jibu la mmoja ni la wengi: mjukuu akikutwa na hitilafu ya upande wa babu aliyeugua, mzazi wake wa upande huo naye amejulikana, hata kama hakutaka kujua.

Watafiti wa Colombia waliilinda siri ya majibu hayo kwa uangalifu mkubwa. Katika jaribio la dawa ya krenezumabu lililohusisha watu 252, walishirikishwa pia 83 wasio na hitilafu, wakapewa dawa bandia, ili kuingia tu kwenye utafiti kusimfichue mtu. Matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha kwamba dawa ile inazuia ugonjwa.

Matumaini yamekuja kwa njia nyingine. Mwaka 2019 watafiti walieleza habari za mwanamke kutoka familia hizo za Antioquia aliyekuwa na hitilafu, lakini kumbukumbu yake ikadumu hadi alipopita umri wa miaka 70. Alikuwa na aina adimu ya APOE, iitwayo Christchurch, kutoka kwa wazazi wote wawili. Namna ilivyomkinga sasa inachunguzwa ili itengenezewe dawa.

Kama bibi yako alianza kusahau akiwa na miaka 80, huna sababu ya kukimbilia kipimo cha jeni. Chunga shinikizo la damu na sukari, fanya mazoezi, tibu masikio yasiyosikia. Lakini kama wawili watatu katika ukoo waliugua kabla ya miaka 60, chukua daftari, kaa na shangazi anayekumbuka, andika nani aliugua na akiwa na umri gani. Daktari atakapokupokea, hilo ndilo atakalouliza kwanza.