Hati na Picha za Nyumba Kongwe katika Somo la Historia

Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, hati za ukoo aghalabu hukaa katika zidaka za ukutani au ndani ya kasha, zimefungwa kwa uzi: mauziano ya shamba, barua za jamaa wa Maskati, stakabadhi, picha za arusi. Mwanachuo atakayefundisha huko atakuwa na zana ambazo kitabu cha kiada hakina. Lakini ni zana ziwezazo kuharibikia mikononi mwake.

Kabla hakijaguswa kitu, wanafunzi na waandike kilikotoka: kidaka kipi, furushi lipi, karatasi ipi ilikuwa juu ya ipi. Walimu wengi huliruka jambo hili kwa kuliona dogo. Barua iliyokutwa katikati ya hati za shamba huenda ndiyo inayoeleza kwa nini shamba liliuzwa. Ikitengwa na kupangwa "vizuri" kwa tarehe, uhusiano huo hupotea.

Adui mkubwa ni unyevu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza maji; karatasi iliyoegemea ukuta huota ukungu, na pini hushika kutu ikaila. Basi pini zitolewe, hati zitiwe katika bahasha za karatasi na kuwekwa rafuni, mbali na ukuta. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu humo humo. Utepe wa gundi ni mbaya zaidi, maana hugeuka kahawia na kuacha doa lisilotoka. Iliyochanika na iachwe ilivyo.

Picha isiyo na majina haifundishi mengi. Mwanafunzi aketi na bibi wa nyumba, amuulize kila mtu ni nani, hasa yule aliyesimama pembeni. Huyo huenda ni yaya au mtumishi, ambaye jina lake halimo katika hati yoyote. Majina yaandikwe kwa penseli juu ya bahasha, ndipo picha itiwe.

Barua nyingi za zamani ni za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani atafaa sana hapo. Lakini furushi laweza kuwa na talaka, deni, au mirathi ambayo jamaa wangali wakiizozania. Kwa hiyo mwalimu asome kwanza pamoja na mwenye nyumba, naye ndiye aamue lipi lionekane darasani. Akikataa, tusimshawishi.

Zilizoruhusiwa zipigwe picha kwa simu karibu na dirisha, si juani. Darasani iende nakala. Asili ibaki nyumbani. Nakala nyingine apewe jamaa anayeishi mahali pengine, kwa kuwa nyumba hizi huanguka: hata Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ukoo unaotaka kutoa hati zenyewe, tuuelekeze kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani.