Viatu vya kasi na hesabu: kisa cha michezo ya kompyuta Texas

Kila aliyecheza michezo ya kompyuta ya kukimbia na kuruka, ile ambayo shujaa hupanda majukwaa na kuvuka mashimo, anaijua raha ya kuokota kitu cha kuongeza kasi. Katika mchezo wa Sonic the Hedgehog, uliotolewa na kampuni ya Sega ya Japani mwaka 1991, shujaa akivunja sanduku lenye picha ya kiatu hukimbia kwa kasi mara mbili ya kawaida kwa muda wa sekunde 20 hivi, na muziki nao huenda mbio. Hata hivyo, haraka haraka haina baraka: shimo nalo hufika kabla kidole hakijawahi kitufe.

Leo tunautupia macho mji wa Richardson, kaskazini ya Dallas katika jimbo la Texas. Mji huo umejulikana kwa makampuni ya simu yaliyo kando ya barabara kuu namba 75, na ndiko yaliko makao ya id Software, kampuni iliyotengeneza michezo ya Doom na Quake. Katika eneo la Dallas wanaishi pia Waafrika Mashariki wengi, na watoto wao hucheza michezo ya aina hiyo bila ya kujua ilikotoka.

Mwaka 1990 kompyuta za kawaida zilikuwa dhaifu kwa kazi hii. Mashine za Nintendo ziliweza kusogeza picha bila ya kukwama, lakini kompyuta ya ofisini ilihangaika kuchora upya kioo kizima kila shujaa alipopiga hatua. Hata angevishwa viatu vya kasi, picha isingeweza kumfuata.

Mnamo Septemba mwaka huo, katika mji wa Shreveport, Louisiana, kijana John Carmack alipata ufumbuzi. Aliiagiza kompyuta ichore vile vipande tu vilivyobadilika. Ikiwa anga ilikuwa ya bluu na imebaki ya bluu, kuna haja gani ya kuipaka rangi tena? Usiku mmoja yeye na mwenzake Tom Hall wakanakili sehemu ya kwanza ya Super Mario Bros. 3 ili kuthibitisha kwamba inawezekana.

Vijana hao waliipelekea Nintendo kazi yao, lakini kampuni hiyo haikuikubali. Hawakukata tamaa. Tarehe 14 Desemba 1990 mchezo wao wenyewe, Commander Keen, ulitolewa na kampuni ya Apogee ya Garland, mji jirani na Richardson. Sehemu ya kwanza ilitolewa bure, watu wakainakili kutoka disketi hadi disketi, na aliyetaka kuendelea alilipia zilizobaki. Februari 1991 wakaanzisha id Software. Doom ilifuata mwaka 1993 na Quake mwaka 1996, na katika Quake III Arena ya mwaka 1999 kikawemo kitu cha kuongeza mwendo kwa sekunde 30. Ile kazi iliyokataliwa na Nintendo ilichukuliwa mwaka 2021 na jumba la makumbusho la michezo la Rochester, New York.

Tunakisimulia kisa hiki kwa sababu wazazi wengi, ughaibuni na nyumbani, huona michezo hii ni kupoteza wakati tu. Wasiwasi wao una msingi, kwani masomo hayasubiri. Lakini kijana wa Kisumu au Mwanza anayeandika programu kwa ajili ya simu ya bei nafuu anakabiliwa na tatizo lile lile la mwaka 1990: mashine ndogo, kazi kubwa. Carmack hakupata kasi kwa kununua mashine yenye nguvu zaidi, bali kwa kuipunguzia ile aliyokuwa nayo kazi isiyo ya lazima.

Kwa hiyo mtoto akiwa mbele ya kioo, mzazi aulize pia: hicho kiatu kinafanyaje kazi? Huenda swali hilo likamfungulia mlango wa hesabu.