Saigon: Mji wa Pikipiki, Kahawa na Kunuti ya Alfajiri

Mtu anayekwenda Saigon na ajifunze jambo moja kabla ya yote, nalo ni kuvuka njia. Kusoma ramani atajifunza baadaye, na kuhesabu pesa zao, ambazo noti ya elfu kumi huenda isitoshe kikombe cha kahawa, atajifunza kwa hasara. Lakini kuvuka njia hakungoji. Jiji lile lina pikipiki zaidi ya milioni saba, na asubuhi ya kwanza nilipotoka hotelini niliona kama kwamba zote zimeamriwa kupita mbele yangu. Zilinijia kama mawimbi ya kusi, moja halijavunjika jingine limefika, na juu ya pikipiki moja mna baba, mama, watoto wawili na mtungi wa gesi.

Nilisimama pale takriban robo saa. Mwisho ajuza mmoja muuza tikiti za bahati nasibu akanionea imani, akanishika mkono, akanivusha kama mtoto wa chuo. Siri yake ni hii: usikimbie, usisite, na wala usirudi nyuma. Teremka polepole, mwendo mmoja, nao watakupitia huku na huku kama samaki wapitavyo nguzo za gati. Anayerudi nyuma ndiye anayegongwa.

Sisi tuliokuwa wadogo zama zile tulilisikia jina la Saigon katika redio za wazee barazani, na kila lilipotajwa lilifuatana na mabomu. Vita vilikwisha tarehe 30 Aprili 1975, na mwaka uliofuata mji ukapewa jina la Ho Chi Minh. Jina hilo ndilo lililo katika vyeti na vibao, walakini wenyeji wangali wakisema Saigon. Hali kadhalika wilaya zake. Mwezi wa Julai 2025 serikali iliziunganisha Binh Duong na Ba Ria-Vung Tau na jiji hilo, watu wakafikia kiasi cha milioni 14, na wilaya zote zikafutwa katika daftari. Lakini mwambie mwenye pikipiki akupeleke Wilaya ya Nane, atakupeleka bila ya kuuliza. Nami nitaziita hivyo.

VICHOCHORONI

Watalii wengi huishia katika njia kuu, wakapiga picha kanisa la Wafaransa na posta yao ya mwaka 1891, kisha wakasema wameuona mji. Hawakuuona. Saigon inaishi katika vichochoro, ambavyo wao huviita hem. Kichochoro hutoka njia kuu, kikazaa kingine, na hicho kikazaa chake, hata anwani ya nyumba ikawa na namba tatu au nne zilizotengwa kwa mistari: namba ya kichochoro, ya kitoto chake, kisha ya nyumba. Mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa au wa Lamu hapotei mle. Nyumba zimekaribiana hata jirani akipiga chafya wewe unamshukuria Mungu, milango iko wazi, na wazee wamekaa nje na fulana zao wakicheza sataranji ya Kichina.

Na kahawa, Bwana! Vietnam ni nchi ya pili duniani kwa kutoa kahawa, baada ya Brazil, na watu wake hawapeleki yote ng'ambo kama tufanyavyo sisi. Kikopo kidogo cha bati chenye matundu huwekwa juu ya gilasi, maji ya moto yakatiwa, na kahawa ikadondoka tone kwa tone juu ya maziwa mazito ya mkebe. Kisha hutiwa barafu. Hukaliwa juu ya vigoda vya plastiki vifupi mno, magoti yakagusa kidevu. Mimi niliyelelewa kwa kahawa chungu na kashata niliidharau mwanzo, na siku ya tatu nikawa nayaamkia yale madondoo kabla ya jua kuchomoza. Nitasema kweli: barafu katika kahawa bado siikubali.

CHENGA

Sasa nieleze aibu yangu, maana msomaji atataka kujua tulikula nini.

Chakula kikubwa cha asubuhi huko ni com tam, yaani wali wa chenga. Ndiyo, zile zile chenga ambazo mama zetu walizipeta wakawapa kuku. Wakulima masikini walizila kwa kuwa mchele mzima ulikuwa wa kuuza, na leo matajiri huziandamia foleni. Nilipoona wali wa chenga nilifurahi kama niliyekutana na jamaa. Nikamwuliza yule kijana wa hotelini aliyenipeleka kama mna nguruwe. Akatikisa kichwa, hamna. Nikaagiza yai na mboga, nikasema Bismillahi, nikala vijiko vitatu. Ndipo mwanamke wa meza ya jirani, aliyeiona kofia yangu, akanigusa bega na kuonyesha vile vitunguu vya majani vilivyomwagiwa juu ya wali, kisha akaionyesha picha ya nguruwe ukutani. Mafuta yake ndiyo yaliyokaangiwa.

Kijana hakunidanganya kwa nia mbaya. Kwake yeye nguruwe ni nyama, na mafuta si nyama. Lakini mimi ni Shafii, na asomaye safu hii anajua maana yake: mara saba, na moja yake kwa udongo. Utapata wapi udongo katika mji uliofunikwa sementi? Nilipanda hadi chumbani, nikachota mchanga katika chungu cha maua kilichokuwa dirishani, nikakisukutua kinywa changu nikiwa peke yangu bafuni, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, na machozi yakinilengalenga. Siku ile sikula tena ila ndizi na mapapai.

Alasiri nilitoka kutafuta watu wangu. Na kumbe hawakuwa mbali. Pembeni mwa soko la Ben Thanh, lile lenye mnara wa saa lililofunguliwa mwaka 1914, pana njia fupi iitwayo Nguyen An Ninh. Wenyeji huiita Njia ya Wamalaysia. Pande zote mbili ni maduka ya kanzu za kike, mitandio na vitambaa vya sala, na migahawa yenye vibao vya halali. Wauzaji ni mabinti wa Kicham waliojifunika vyema, wanaongea Kivietnam na mwenzao, Kimalai na mteja, na Kicham na mama yao aliye nyuma ya pazia, bila ya kuvuta pumzi. Hapo nilikula pho, supu ya tambi za mchele kwa nyama ya ng'ombe, bakuli mbili, nikamshukuru Mola. Mbele ya soko ndipo ilipo stesheni ya treni ya chini ya ardhi, iliyoanza kazi tarehe 22 Desemba 2024 baada ya kujengwa tangu mwaka 2012. Nimeipanda. Ni safi na baridi, na sina la zaidi.

Msikiti wa katikati ya mji uko njia ya Dong Du, umebanwa na mahoteli marefu. Ulijengwa mwaka 1935 na Waislamu wa India ya kusini, pahali palipokuwa na msikiti mwingine zamani. Una minara minne na birika mbele, na ukiingia, kelele zote za mji hukatika kama aliyefunga redio. Wahindi wale wengi wao waliondoka baada ya 1975. Ijumaa nilisali baina ya Mmalaysia mwenye shati la kazi na kijana wa Kicham mwenye saruni.

CHOLON

Cholon maana yake ni Soko Kubwa. Ndio mtaa wa Wachina, ambao walihamia hapo mwaka 1778 wakikimbia vita, wakauza na kununua hata mji wao ukaungana na Saigon. Soko lao la Binh Tay lilijengwa kwa fedha za tajiri mmoja, Quach Dam, ambaye yasemekana alianza maisha kwa kuokota vyuma na taka. Bidhaa za hapo huuzwa kwa jumla: pilipili kwa magunia, dagaa kwa magunia, kofia kwa mamia. Usisimame njiani kupiga picha. Hamali hawana muda nawe.

Karibu yake iko njia ya dawa, iitwayo Hai Thuong Lan Ong. Pua yako itafika kabla yako. Mizizi, maganda, mdalasini, uyoga mkavu, vitu vilivyokaushwa ambavyo sikutaka kujua vilikuwa nini vilipokuwa hai. Jina la njia ni la tabibu mkubwa wa karne ya kumi na nane, aliyejipa mwenyewe lakabu ya Mzee Mvivu. Tabibu huyo aliandika vitabu vingi vya tiba. Laiti wavivu wetu wangekuwa hivyo!

Cholon nayo ina msikiti, uliojengwa na Watamil, mweupe na usio na mapambo. Na usiku, katika Wilaya ya Kumi, soko la maua la Ho Thi Ky huamka wakati watu wanalala: mawaridi ya milima ya Da Lat yamelundikwa barabarani kama kuni, na pikipiki zinaondoka zimebeba mizigo ya maua hata dereva haonekani. Nikawakumbuka wauza vikuba na asumini wa kwetu, ambao mzigo wao wote hujaa katika kiganja.

WILAYA YA NANE

Walakini kilichonipeleka moyo ni Wilaya ya Nane, nchi ya mifereji. Katika kichochoro kimoja kitokacho njia ya Duong Ba Trac pana msikiti uitwao Jamiul Anwar, na pembezoni mwake mtaa wa Wacham.

Wacham walikuwa na dola yao, Champa, katika pwani ya kati ya nchi ile. Walikuwa mabaharia na wafanyabiashara. Mwaka 1471 mji wao wa Vijaya ulianguka mbele ya Wavietnam, na mwaka 1832 mabaki ya dola yakamezwa kabisa. Wengine walikimbilia Kambodia, kisha wakashuka hadi Chau Doc, mpakani, katika bonde la mto Mekong. Kutoka huko, hasa katika miaka ya 1960, jamaa zao walikuja Saigon kutafuta riziki na kujenga kando ya mifereji.

Nililala usiku mmoja karibu na hapo ili nisali Alfajiri. Saa kumi na nusu nilifuata sauti ya adhana, vichochoro vikiwa na giza, na mwanamke mmoja tayari anachoma soseji zao za ng'ombe ziitwazo tung lo mo. Tulikuwa safu mbili. Katika rakaa ya pili imamu akainuka kutoka katika rukuu, nami nikajiandaa kwenda sijida. Hakwenda. Aliinua mikono akaanza kunuti.

Msomaji, sijui nikuelezeje. Umbali ule wote, saa nne mbele ya kwetu, watu ambao babu zao na babu zangu hawakuonana, na kunuti ile ile ya msikiti wa mtaani kwetu, na maamuma wakiitikia amina vile vile. Wacham wa Chau Doc ni Mashafii kama sisi.

Baada ya sala nilimfuata yule mwalimu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na Kivietnam changu hakipo, basi tukazungumza kwa Kiarabu cha kitabuni, chake na changu, kila mmoja akikumbuka fimbo ya mwalimu wake. Nikamweleza habari ya wali wa chenga na mchanga wa chungu cha maua. Alicheka hata akashika nguzo. Kisha akaniambia kwa upole: asiyejua hana dhambi, na umeshajitoharisha, na hapa kila mtoto wetu aendaye shule ya serikali huulizana na chakula kila siku; wewe umeulizana nacho mara moja.

Hilo ndilo linalowashughulisha. Watoto husoma Kivietnam mchana kutwa, na Kurani jioni, na Kicham wanakijua kwa nyanya zao tu. Na kuna jingine. Mji una mpango wa miaka mingi wa kuwahamisha watu waliojenga juu ya mifereji, ili maji yasafishwe. Kazi hiyo ina faida, sikatai: mfereji wa Nhieu Loc, uliokuwa mweusi na kunuka, ulisafishwa na kuzinduliwa mwaka 2012, na leo watu hutembea kando yake jioni. Lakini fidia humpeleka mtu katika ghorofa ya mbali, na mbali ni mbali na msikiti. Mwalimu hakulalamika. Alisema tu kwamba Mcham mmoja katika ghorofa si mtaa, na chuo hakiwi bila ya mtaa.

Akanionyesha kitabu chao cha fiqihi, Kimalai kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyokuwa tukiandika Kiswahili chetu. Akaniambia nisome. Nikasoma, na watoto wa chuo waliokwisha kuingia wakanizunguka. Fardhi niliijua, sunna niliijua, udhu niliujua, na mengine yote yalikuwa giza. Tena kila penye fe ya nukta tatu juu mimi nilisema "v", kama ilivyo kwetu, nao wakapiga kelele pamoja: "Pa! Pa!" Basi nami nikatoa daftari langu nikaandika beti mbili kwa hati yetu, nikampa mwalimu. Akazisoma polepole, pe ikimkwama kila mara kwa kuwa nukta zake ziko chini, na watoto wakamsikiliza kimya. Alipomaliza aliniuliza maana yake. Nikamwambia ni habari ya mtu aliyeshindwa kuvuka njia.